Soketi ya Giaboksi Ambalo Halipo

(Mhadhara kwa mafundi vijana na wenye magari, Mwanga, Kigoma)

Asanteni. Wale mliosimama mlangoni sogeeni ndani, jua la saa nane la Kigoma halina undugu na mtu.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Nililetewa pikapu ya petroli, otomatiki. Mwenyewe anabeba chumvi kutoka Uvinza, mafuta yanammaliza, akataka injini ya dizeli ya Toyota, aina ya 3L, na giaboksi ya mkono. Kazi ikaenda vizuri. 3L haina mambo mengi: ipe umeme wa starta, alternata, hita plagi, solenoidi ya kukata mafuta kwenye pampu, sensa ya joto na ya oili, inaunguruma. Basi zikabaki soketi kibao, vile vichwa vya plastiki vya kuunganishia waya, zinaning'inia, hazina kazi. Nikazikusanya, nikazizungushia nailoni tepu, nikazisokomeza nyuma ya betri. Ile ya giaboksi la zamani, chini ya sakafu, nikaibana kwenye chesisi kwa kamba ya plastiki. Boneti likafungwa, hela nikapokea.

Baada ya miezi kama mitatu dereva akanipigia. "Fundi, geji zote zimelala, na taa ya reversi haiwaki." Nikamwambia aje kesho, si gari linatembea? Kesho hakufika. Hosi ya rejeta ilipasuka njiani, maji yakaisha, na geji ya joto ilikuwa imelala tangu jana yake, kwa hiyo hakujua lolote mpaka injini ilipomzimikia. Silinda hedi imepinda.

Nilipolala chini ya lile gari nikaona aibu yangu. Kamba imekatika, tepu imebaki gundi tupu, pini zimeota kijani kwa maji ya chumvi, na waya mmoja umesuguana na chesisi mpaka shaba iko nje. Waya ule ulikuwa hai. Swichi ya gia ya otomatiki hupelekewa umeme kila unapofungua ufunguo, ndio unaowasha taa za reversi na zile herufi za P, R, N, D kwenye dashibodi. Kwenye gari lile umeme huo ulitoka fyuzi moja na geji. Shaba ikagusa bodi, fyuzi ya ampia 10 ikaungua, geji zikalala. Hedi nililipa mimi.

Kwa hiyo mkiniona mkali kuhusu soketi zisizo na kazi, mjue nimenunua huo ukali.

Jambo la kwanza linafanyika kabla injini ya zamani haijashuka. Chukua tepu ya karatasi, ile ya wapaka rangi, na kalamu ya wino mzito. Kila soketi unayochomoa iandike ilikuwa ya nini. Usiseme utakumbuka. Injini ikishashuka, soketi mbili za kijivu zenye pini tatu zinafanana kama dagaa.

Ukishafunga injini mpya, zile zilizobaki zipime moja moja kwa mita. Nasema mita, si taa ya balbu. Balbu inavuta umeme mwingi, na ukiichomeka kwenye waya unaotoka kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini, inaweza kuiunguza boksi yenyewe. Ethi ya mita weka kwenye hasi ya betri, pima ufunguo ukiwa umefungwa, pima ukiwa wazi, kisha mwenzio apige starta. Ukiona volti 12 hata ufunguo ukiwa umefungwa, hiyo ni ya kuogopwa kuliko zote, usiku kucha iko macho. Ukiona volti 5, hiyo ni ya sensa. Wengi huidharau kwa udogo wake, lakini mara nyingi volti 5 hiyo hiyo inagawiwa sensa kadhaa. Tuseme umebaki na kontrol boksi ya zamani na umeacha soketi moja wazi. Pini yake ikigusa bodi, sensa nzima nzima zinazotumia njia ile zinaanza kusema uongo, na wewe utabadilisha sensa mpaka mteja akukimbie.

Soketi za njano za eabegi, hizo usizipime wala usizifungue. Ziache kama zilivyo.

Halafu kuna soketi inayoonekana haina kazi kumbe inayo. Ukitoa otomatiki, waya wa starta uliopita kwenye swichi ya gia unabaki umekatika, na gari halitapiga starta. Vijana wanaunganisha waya mbili, wanaondoka. Sawa, litawaka, lakini litawaka hata likiwa kwenye gia na kumrukia mtu aliye mbele. Upitishe kwenye swichi ya pedali ya klachi.

Sasa, kufunga. Dawa nzuri kuliko zote ni mwenzake. Nenda kwenye injini mbovu, kata nusu ya pili ya soketi hiyo hiyo pamoja na vipande vifupi vya waya, ncha za vipande hivyo zizibe kwa mpira unaosinyaa kwa moto, ule wenye gundi ndani, kisha chomeka. Tayari una kifuniko chenye mpira wake wa kuzuia maji. Nailoni tepu ya kawaida mara nyingi imeandikwa nyuzi 80, na chini ya boneti joto linapita hapo, ndiyo maana inageuka uji. Tumia tepu ya kitambaa. Mdomo wa soketi uelekee chini maji yatoke, na uwe mbali na ekzosi.

Kuna aliyeniambia anapaka mawese kwenye pini. Mawese ni ya kwenye mgebuka, bwana. Paka grisi ya silikoni, kidogo. Lakini wazo la mafuta si baya, na sisi wa Kigoma tuna ushahidi wake. Ile meli ya Liemba, Wajerumani walipoizamisha mwaka 1916, mafundi wao waliipaka injini grisi nene kwanza. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini.

Mtu anauliza, kwa nini tusikate zote tukatupa? Unaweza, kama umefuata waya mpaka unakotoka na umeutoa huko. Ukiukata katikati umebaki na waya hai usio na soketi, hali mbaya zaidi. Na siku mwenye gari akitaka kurudisha injini yake, utamwambia nini?

Haya, meza ile pale nimeweka fungu zima la waya kutoka kwenye gari la otomatiki, limeungwa kwenye betri. Kuna soketi tisa, mbili ziko hai. Njooni na mita zenu mnitafutie.