Jembe la Bukom: Mwalimu wa Kiswahili na Ulingo wa Ngumi mjini Accra

Walimu wenzangu, wanafunzi wa ualimu, mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumze nanyi kuhusu maisha ya mwalimu wa Kiswahili aliye nje ya nchi, kwa kuwa baadhi yenu mnajiandaa kwenda huko. Tangu mwaka 2021, UNESCO ilipoitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, tumesikia hotuba nyingi kuhusu lugha yetu kuvuka mipaka. Leo naomba niseme juu ya yule anayevuka nayo: anaamka saa ngapi, anakula na nani, na jioni darasa likiisha anakwenda wapi.

Huu ni mwaka wangu wa nne nikifundisha Accra, Ghana. Kiswahili si kigeni kabisa kule, maana Chuo Kikuu cha Ghana, pale Legon, kimekifundisha tangu miaka ya 1960, na wanafunzi huja darasani wakiwa na hamu ya kweli. Ugumu wangu wa mwanzo haukuwa wa darasani, ulikuwa wa saa za usiku. Accra iko nyuma yetu kwa saa tatu. Nilipomaliza kazi, nikapika, nikaoga, nikakaa kitandani saa tatu usiku nikitaka kusikia sauti ya nyumbani, huku Dar es Salaam ilikuwa saa sita, mke wangu na watoto wamelala. Saa zile zile nilizohitaji mtu wa kuzungumza naye ndizo ambazo sikuwa na haki ya kumwamsha yeyote.

Waghana ni wakarimu, na ningekuwa mkosefu wa shukrani kama nisingelisema hilo kwanza. Kila nilikokwenda nilikaribishwa, nikapewa kiti na maji, nikaulizwa habari za safari. Lakini mtu anayepewa kiti miezi minne mfululizo huanza kujiona mzigo. Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na nadhani tumezoea kuusoma usemi huo upande wa mwenyeji tu, kana kwamba jembe ni njia ya kumpunguzia gharama. Mimi niliuelewa upande wa mgeni. Jembe linamwambia kwamba kuna safu inayomsubiri, na kwamba asipofika, watu wataona pengo.

Jembe langu nilipewa Bukom.

Bukom ni mtaa wa Waga, wenyeji wa asili wa Accra, katika sehemu ya zamani ya jiji, karibu na bahari, jirani na James Town penye mnara wa taa. Kabla ndondi za glovu hazijashika mizizi, vijana wa mitaa ile walikuwa na mapigano yao ya mikono mitupu yaitwayo asafo atwele, na wenyeji hukwambia bila kusita kwamba ngumi kwao hazikuja na meli. Ukitazama waliotoka Ghana, na hasa mitaa ile, huwezi kubishana nao. Roy Ankrah alitwaa ubingwa wa Dola ya Uingereza mwaka 1951. Clement Quartey alileta medali ya fedha kutoka Olimpiki ya Roma mwaka 1960. Mwaka 1975 David Kotey, ambaye kila mtu humwita D.K. Poison, alimshinda Rubén Olivares wa Mexico huko California na kuwa Mghana wa kwanza kushika ubingwa wa dunia. Halafu akaja Azumah Nelson, na mwaka 2021 kijana Samuel Takyi akarudi kutoka Tokyo na shaba, medali ya kwanza ya Olimpiki kwa Ghana tangu mwaka 1992. Nasi tunao wetu, sikuacha kuwaambia: Titus Simba aliturudia na fedha kutoka Edinburgh mwaka 1970, katika michezo ya Jumuiya ya Madola.

Mwenzangu wa kazini alikuwa amenipeleka kuona ngome za kale, Ussher na James, na tulipokuwa tunakata vichochoro kurudi barabarani nilisikia kamba ikipiga sakafu kwa mwendo ambao haukubadilika hata mara moja. Tulichungulia. Ilikuwa ua wa saruji, nusu umeezekwa bati, nusu wazi, wenye ulingo mmoja ambao kamba zake zimeviringishwa utepe mweusi, na mifuko mitatu ya kupigia iliyojazwa vitambaa. Watoto walikuwa wamekaa juu ya ukuta wakitazama. Mzee mmoja aliyevaa kandambili alinitazama kwanza miguuni, kisha usoni, akaniuliza kama ningekuja Jumanne. Sikuwa nimemwambia kwamba nataka kujifunza.

Kwa nini Jumanne, nilikuja kuelewa baadaye. Kwa mila ya Waga, Jumanne hakuna kuvua, bahari hupumzishwa, na kwa kuwa baadhi ya mabondia wa pale ni wavuvi, siku hiyo ua hujaa tangu alfajiri. Basi Jumanne mimi huamka saa kumi, napanda trotro ya kwanza, ambayo ni daladala ya huko, huku kondakta akipaza jina la kituo cha Circle kwa silabi moja inayojirudia, na saa kumi na moja na nusu niko Bukom. Saa tatu nimeshaoga, nimekula kenkey kwa samaki wa kukaanga na pilipili, niko mbele ya darasa. Kenkey ni unga wa mahindi uliochachushwa, ukafungwa kwa maganda ya mahindi na kuchemshwa, na Msukuma au Mhehe aliyelelewa kwa ugali atahitaji wiki mbili kuuzoea ule ukali, kisha hatauacha.

Yule mzee tunamwita Ataa, kama Waga wamwitavyo baba au mzee wa heshima. Jambo la kwanza alilonifundisha ni kufunga bandeji. Alinishika mkono wa kulia, akaniambia nitanue vidole kadiri niwezavyo, akapitisha kitanzi kwenye gumba, akazungusha kiganjani mara tatu, akapanda juu ya vifundo, akapita kati ya kila kidole na mwenzake, akarudi kiganjani. Kisha akaniambia nikunje ngumi. Bandeji iliyokuwa imelegea wakati vidole vimetanuka sasa ilibana sawasawa. Akaifungua yote, akaikunja, akanipa mkononi, akasema: "Wewe sasa." Nilikosea. Hakunisahihisha katikati. Aliningoja nimalize, nikunje ngumi, nione mwenyewe kwamba vidole vimekufa ganzi, ndipo akanigusa mahali pamoja tu, pale kati ya kidole cha kati na cha pete, nilipokuwa nimeparuka.

Kwa wiki sita sikuruhusiwa kugusa glovu. Nilitembea juu ya mstari wa chokaa, mguu wa kushoto mbele, wa kulia nyuma, bila miguu kukutana, nikiwa mtu mzima wa miaka 38 miongoni mwa watoto wa miaka kumi ambao walinirekebisha kwa sauti na kwa haki kabisa. Pale kila mwenye kujua zaidi ni mwalimu wako, hata awe na urefu wa kiuno chako.

Sasa naomba mnisikilize kwa makini, kwa kuwa hili ndilo lililobadili ufundishaji wangu. Raundi ni dakika tatu, na mapumziko ni dakika moja. Katika dakika hiyo moja bondia anakaa kwenye kigoda, anatolewa kinga ya meno, anapewa maji, anafutwa jasho, na kifua chake kinapanda na kushuka kama mvukuto wa mhunzi. Kocha ameona makosa ishirini. Akiyataja yote, bondia atasimama akiwa hajui hata moja. Nilimwona Ataa, raundi baada ya raundi, akichagua neno moja. "Kidevu." Au: "Usirudi moja kwa moja, toka kando." Makosa mengine kumi na tisa aliyameza, na wakati mwingine niliyaona kwenye koo lake.

Mimi darasani nilikuwa kinyume chake. Mwanafunzi akisema "vitabu yangu imepotea mwalimu naomba karamu," nilimkatiza penye "yangu", nikamkatiza tena penye "imepotea", na alipofika kwenye "karamu" nilikuwa nimeshamweleza tofauti ya kalamu na karamu, jambo linalowasumbua wasemaji wengi wa Kiakan kwa sababu ya l na r, kama linavyowasumbua baadhi ya wenzetu hapa nyumbani. Alikaa chini akiwa ametajiwa kila kosa na amepoteza hamu ya kusema. Nilikuwa nampiga akiwa bado anajaribu kusimama. Tangu nilipoona ile dakika moja ya kona, mwanafunzi wangu humaliza anachotaka kusema mpaka mwisho, nami humpa jambo moja, kwa kawaida upatanisho wa ngeli, kwa kuwa ngeli kwa Kiswahili ni kama miguu kwa bondia: ikivurugika hiyo, hata ngumi nzuri haina pa kusimama. Karamu itangoja wiki ijayo.

Nitawapa tukio moja zaidi. Siku moja niliingia darasani mdomo wa juu ukiwa umevimba, maana asubuhi ile nilikuwa nimefanya mazoezi ya kupigana na kijana mwepesi kuliko mimi, na nilikuwa nimefumba macho ngumi ilipokuja, kama wafanyavyo wanaoanza. Darasa lilinyamaza. Kisha binti mmoja wa nyuma, ambaye tangu muhula uanze hakuwahi kusema sentensi ambayo sikumwomba, akauliza: "Mwalimu, nani amekupiga?" Kila kiambishi kilikaa mahali pake. Hakuitoa kwenye kitabu. Ilimtoka kwa sababu alitaka kujua. Nikafunga maandalizi yangu ya siku hiyo. Tulikaa saa nzima na kitenzi kimoja: nilipiga, nilipigwa, tulipigana, alinipigia simu, umepigishwa magoti, mtu huyu hapigiki. Mnyambuliko ambao mwaka uliotangulia niliufundisha kwa jedwali la wiki mbili waliushika asubuhi ile, na hadi leo wakikutana nami ua wa chuo huniuliza kama nimepigwa au tumepigana.

Mke wangu aliponiona kwenye simu na mdomo ule hakucheka. Aliniuliza mwalimu mzima anatafuta nini kwenye ngumi za watu, na swali lake ni la haki. Kichwa cha mwalimu ndicho jembe lake jingine. Nimeweka masharti ambayo Ataa ameyakubali: navaa kofia ya kinga kila mara, sifanyi mazoezi ya kupigana wiki za mitihani, na kichwa kikiuma hata kidogo najiondoa kwa siku nyingi, sio mbili tatu. Wenye kushindana huishi kwa masharti mengine, nami nawaonea huruma na nawaheshimu, kwa kuwa wengi wao wanautazama ulingo kama mlango pekee wa kuutoka ule umaskini. Simwambii yeyote hapa aende akapigwe.

Ninachotamani mkione ni wakati ule wa kabla ya sikukuu ya Homowo, ambapo kwa takriban mwezi mmoja Waga hukataza ngoma na kelele mjini. Redio ya uani huzimwa. Mwaka wa kwanza sikuwa nimeambiwa. Niliingia nikakuta watu thelathini wakifanya kazi kimya, nikasikia kila pumzi inayotolewa na ngumi, kandambili za Ataa zikiburuzika kwenye saruji, mawimbi kwa mbali. Nilishika kamba yangu nikaanza kuruka, na baada ya muda sauti ya kamba yangu ikaingia katikati ya zile nyingine, nikawa siwezi tena kuitenga.

Wiki mbili kabla ya kuja likizo hii niliugua homa, nikakosa Jumanne moja. Jumatano jioni mtoto mmoja wa wale wa ukutani, ambaye nyumbani kwangu hajawahi kufika, alibisha mlango. Alikuwa amepanda trotro mbili. Alisema Ataa anauliza kuna nini, akaniachia kenkey mbili zilizokuwa bado za moto, akaondoka kabla giza halijaingia.

Narudi Accra mwishoni mwa mwezi huu. Ndege inatua Jumatatu usiku.