Mjomba, Vortex haikuwa Liemba

Assalaam aleikum ndugu zangu wa Kigoma, kuanzia Kibirizi mpaka Ujiji, na nyie wa Kasulu na Kibondo mnaonifuatilia. Niko Ohio, Marekani, na leo nazungumzia mashine niliyoipenda ambayo haipo tena. Jina lake Vortex. Ilikuwa rolakosta, ile treni ya burudani inayovutwa juu kwenye reli kisha inaachiwa iteremke yenyewe, pale kwenye bustani ya Kings Island, mji wa Mason, si mbali na Cincinnati.

Wengi wenu hamjaipanda, ngoja niieleze. Treni moja ina mabehewa saba, kila behewa watu wanne, jumla 28. Ukishakaa, chuma kilichovishwa sponji kinashuka na kukubana mabegani. Mnyororo unainasa treni kwa chini, unaivuta hadi mita 45 juu, na muda wote unasikia ka, ka, ka, ka. Mlio huo ni wa kipande cha chuma kilicho chini ya behewa kinachodondokea kwenye meno ya reli, jino baada ya jino, ili mnyororo ukikatika treni isirudi nyuma. Mimi niliupenda mlio ule kuliko mteremko wenyewe. Kule juu mnaachiwa, na kuanzia hapo hakuna injini, ni uzito wenu tu. Kasi inakaribia kilomita 90 kwa saa, na mnageuzwa kichwa chini miguu juu mara sita. Ilipofunguliwa mwaka 1987, hakukuwa na rolakosta nyingine duniani iliyokuwa ikigeuza watu mara sita.

Lakini kilichoniweka pale si rekodi. Ohio ina Wakongo wengi waliopitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, vijana waliokulia Kasulu, wanaongea Kiswahili cha kwetu kabisa. Jumamosi za kiangazi unawakuta kwenye foleni, dada anamwambia mdogo wake "shikilia vizuri, usifumbe macho", na treni ikianza kuteremka unasikia "mama yangu wee!" inatoka behewa la nyuma. Uko mbali na nyumbani, halafu unasikia ukelele wa nyumbani. Kwa hiyo nikiikumbuka Vortex, nawakumbuka na hao.

Sasa kwa nini iling'olewa. Mjomba wangu wa Ujiji, aliyefanya kazi ya ufundi wa mashine ujana wake wote, aliniuliza kwa simu swali ambalo limenifanya nirekodi video hii. Aliitaja Liemba, meli yetu kongwe ya Ziwa Tanganyika, akasema: "Liemba imeundwa Ujerumani 1913, na bado watu wanahangaika kuikarabati. Hicho chombo chenu cha 1987 kimewashinda nini?"

Mjomba, nimelifikiria sana. Liemba ilizamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 1916, mashine zake zikiwa zimepakwa grisi zisiliwe na kutu, Waingereza wakaiibua 1924, ikarudi kazini 1927. Miaka ya 1970 injini za mvuke zikatolewa, zikawekwa za dizeli. Bati la ubavuni likichakaa, unalikata na kuweka jingine. Meli inavumilia kubadilishwa kipande kwa kipande, mradi umbo lake libaki.

Rolakosta haivumilii hivyo, kwa sababu reli yenyewe ndiyo mashine. Reli za Vortex zilikuwa mabomba ya chuma, zaidi ya kilomita moja, na kila kipande kimekunjwa kwa kona yake peke yake. Treni ikipita, bomba linanepa kidogo na kurudi, linanepa na kurudi. Bustani ilisema Vortex imebeba watu zaidi ya milioni 46. Chuma kikinepeshwa hivyo miaka na miaka kinachoka kwa ndani, nyufa ndogo zinaanzia kwenye maungio, nyingine jicho halizioni mpaka zipimwe kwa vifaa. Unaziba huu leo, kesho umeanzia pembeni. Ukisema ubadilishe reli yote, umejenga rolakosta mpya. Tena kampuni iliyoiunda, Arrow Dynamics, ilifilisika, mali zake zikanunuliwa na wengine mwaka 2002. Bustani ilitangaza kwamba umri wa kazi wa mashine umefika mwisho, na mimi naukubali uamuzi huo, ingawa uliniuma.

Na tuseme kweli, ilikuwa inapiga. Kona za Arrow za enzi zile ziliingia ghafla, kichwa kinagonga vile vyuma vya mabegani, masikio yanawaka. Watu wazima wengi walipanda mara moja wakaapa kutorudi.

Jambo jingine ambalo mafundi wa Kigoma mtalielewa haraka: kabla ya Vortex, mahali pale pale palikuwa na rolakosta nyingine, The Bat, iliyofunguliwa 1981. Hiyo treni yake ilining'inia chini ya reli na kuyumba huku na huku kwenye kona. Ilikuwa jambo jipya kabisa, lakini reli ya kwenye kona haikulazwa upande, ikabaki bapa, basi kila kona ilikuwa kipigo kwa vyuma na vifyonza mshtuko. Ikawa inafungwa kila mara kwa matengenezo. Ilidumu misimu mitatu tu, 1981 hadi 1983, ikabomolewa. Vortex ilirithi kituo chake cha kupandia abiria. Kwa hiyo mmoja aliuawa na kosa la mchoro, mwingine alikufa kwa uzee, na kwangu mimi kifo cha uzee kwa mashine ni heshima kubwa kwa walioitunza miaka 32.

Nilichokipenda zaidi ni jinsi walivyoiaga. Walitangaza Septemba 27, 2019, na siku ya mwisho ikawa Oktoba 27. Mwezi mzima. Watu walikuja na watoto wao, wengine wazee waliopanda 1987 wakiwa vijana, na mimi nilikuwemo kwenye foleni. Natamani na sisi tufanyiwe hivyo. Chombo kilichotubeba kikistaafu, iwe treni, iwe meli, iwe kivuko, tuambiwe tarehe mapema tukakiage, tusije tukashangaa tu siku moja kimeegeshwa na nyasi zimeota.

Wale mliosafiri na Liemba kwenda Kasanga au Mpulungu, mkishuka usiku kwa mitumbwi, nawaomba mnitumie sauti zenu zikiwa na mwaka wa safari. Picha nikipata ni vizuri, ila sauti ndizo ninazozitaka zaidi, na wazee ndio nawaomba kwanza. Vijana, wasaidieni kurekodi.