Koki ya springla: niliyowaambia wenye hoteli na gesti hapa Moshi

Wazee shikamooni, vijana mambo. Nimeombwa niongelee springla, yale mabomba ya darini yenye vidude vya kumwaga maji moto ukitokea. Kila mwenye gesti ananiuliza swali hilohilo, fundi, mgeni akiunguza kitu chumba namba 3 si nyumba nzima italoa, magodoro yangu je? Hapana jamani. Angalieni hiki nilichoshika, hiki kichupa chekundu cha kioo ndo kimezuia maji yasitoke, moshi hakiujui kabisa, kinajua joto tu, likifika nyuzi 68 kile kimiminika cha ndani ya kichupa kinatanuka kioo kinapasuka, na kinafunguka hichohicho kilichopata joto, vingine vinabaki vilivyo. Jikoni funga cha kijani, nyuzi 93. Na sio kitu cha juzi, Mmarekani Parmelee alifunga springla zake kwenye kiwanda chake cha piano tangu miaka ya 1870.

Sasa kinachoniuma. Kuna hoteli hapahapa mjini, jina siitaji, niliitwa kuziba bomba la choo, nikapanda darini nakuta koki kuu ya springla imefungwa! Yaani kuna fundi aliifunga akiziba leki akaondoka zake, na watu wanalala humo kila siku wanaona vidude juu wanajua wako salama. Afu fundi rangi nae kavipaka vyote rangi nyeupe vifanane na dari. Kidude kikishapakwa rangi usihangaike kukisugua, kibadilishe, maana rangi inachelewesha joto kufika kwenye kioo.

Sisi wa Kilimanjaro tunaijua shule ya Shauritanga kule Rombo, 1994, watoto wa kike waliteketea bwenini usiku wamelala. Mtu aliyelala hana hata nusu dakika ya kupoteza, na godoro la sponji likishika linawaka haraka mno. Zimamoto pigeni, 114, pigeni mapema, ila lile gari mpaka lifike kuna dakika kadhaa hapo katikati, na dakika hizo ni za springla.

Kwahiyo kesho kabla ya chai panda na mlinzi wako mwangalie koki iko wazi, ipigeni mnyororo na kufuli ikiwa hivyohivyo wazi. Maji ya springla yasichotwe kufulia mashuka, na pampu yake iungwe na jenereta maana umeme mnaujua wenyewe. Asiyejua koki yake iko wapi anisubiri hapo mlangoni, naenda nae leo hii.