Mguu mmoja ukivimba baada ya kujifungua: niliyoongea na wamama wa kikundi, Moshi

Shikamooni wamama zangu, na mabinti hamjambo. Namshukuru mwenyekiti kwa kunipa nafasi, najua leo ni siku ya hisa na wengine mna ng'ombe wanasubiri majani, kwahiyo naingia moja kwa moja. Nimekuja kuongelea damu kuganda kwenye mishipa ya ndani ya mguu, na nimechagua kuongea na nyie kwa sababu nyie ndo mnalea wazazi hapa mlimani.

Mimi ni nesi, nimefanya kazi wodi ya wazazi miaka mingi. Kuna binti mmoja sitamsahau. Alijifungua kwa operesheni, akarudi nyumbani salama, mtoto mzuri, mtori unapikwa, kila kitu sawa. Wiki ya tatu mguu wa kushoto ukaanza kuuma kwenye kigimbi, kesho yake ukavimba mpaka pajani, wa moto ukiushika. Majirani wakasema amekanyaga kitu kibaya, mama mkwe akawa anamkanda na maji ya moto na kumchua mafuta asubuhi na jioni, na binti halali hata usiku. Siku ya tano kaamka kwenda chooni, akasema pumzi inakata, akaanguka. Hatukumuwahi.

Sasa naomba mnielewe, yule mama mkwe namheshimu mpaka leo, alimfanyia binti kile alichofanyiwa yeye. Na siwezi kusema ni kuchuliwa ndo kulimuua maana donge la damu iliyoganda linaweza kung'oka mguuni lenyewe tu likaenda mapafuni. Ila zile siku tano ndo zinaniuma, maana dawa ipo.

Kinachotokea ni hivi. Damu ikishashuka mguuni inatakiwa ipande kurudi kwenye moyo, na inapanda mlima kweli kweli. Inayoisukuma ni misuli ya kigimbi, kila ukitembea misuli inaminya ile mishipa, na ndani kuna vilango vidogo vinavyoizuia damu isirudi chini. Ukilala siku nzima pampu imezimwa, damu inatuama. Daktari mmoja wa Ujerumani, Rudolf Virchow, tangu miaka ya 1840 alionyesha jinsi donge la mguuni linavyong'oka na kwenda kuziba mapafu. Na mpaka leo sababu tunazifundisha kwa mafungu matatu: damu kutuama, mshipa kuumia, na damu yenyewe kuwa rahisi kuganda.

Mama mzazi anayo yote matatu! Mungu kaiweka damu ya mjamzito igande haraka ili asimwage damu yote siku ya kujifungua, hiyo ni kinga, lakini haizimiki siku hiyo hiyo, inaendelea, na hatari kubwa zaidi ni wiki 6 za mwanzo baada ya kujifungua. Mimba nayo ilikuwa inaukandamiza mshipa wa nyonga, hasa wa kushoto, ndo maana mara nyingi utakuta ni mguu wa kushoto. Weka na operesheni juu yake. Halafu sisi Wachagga tunamfungia ndani, miezi mitatu hashiki jembe hashiki kuni. Mimi mwenyewe nimelelewa hivyo na ninaipenda hiyo mila, mzazi apumzike, anywe mtori na maziwa, asibebe kitu. Lakini kupumzika sio kulala tu kitandani jamani. Atembee humo ndani, atoke uani, azunguke migombani kidogo, anywe maji ya kutosha. Akiwa amekaa anyanyue visigino, ashushe, anyanyue, ashushe.

Wapo na wengine nawataja haraka: kijana wa boda aliyevunjika mguu kafungwa muhogo, yaani plasta ngumu, mgonjwa wa kansa, aliyefanyiwa operesheni kubwa ya nyonga, anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni, na sisi wa kupanda basi la Dar masaa tisa kumi umekunja magoti hushuki hata kuchimba dawa.

Dalili zenyewe. Wajawazito wengi wanavimba miguu yote miwili, ikiwa hivyo mwambie nesi kliniki, anaweza kuwa na presha. Mimi naongelea mmoja, umevimba, unauma, wa moto, rangi imebadilika. Chukueni utepe wa fundi cherehani mpime vigimbi vyote viwili, kimoja kikizidi kingine kwa zaidi ya sentimita 3 hiyo sio ya kusubiri, lakini hata usipofika kama unauma na umevimba nendeni tu. Usichue, usikande, usimpe dawa ya miti shamba kwanza. Hospitali watampima altrasaundi ya mishipa, haiumi. Akianza kubanwa pumzi ghafla, kifua kinachoma akivuta hewa, anakohoa damu au anazimia, hapo tafuteni gari hata kama ni saa nane usiku.

Tiba ni sindano za heparini, halafu wengi wanapewa vidonge vya wafarini, zote ni dawa za kuzuia damu kuganda, sio chini ya miezi 3. Nawaomba sana asiache akiona mguu umepungua! Dawa inazuia donge lisikue, mwili ndo unaliyeyusha taratibu. Akitumia wafarini arudi kupimwa damu kila anapoambiwa maana dawa ikizidi anavuja damu, asichanganye na diklofenaki za dukani, zile za maumivu, na mchicha asikatazwe, ale kiasi kile kile kila wiki asipandishe na kushusha. Na akishika mimba nyingine awahi kusema, wafarini inamdhuru mtoto tumboni.

Ndio bibi, nimekuona. Bibi anauliza mtoto ataendelea kunyonya? Ndiyo bibi, kwa heparini na kwa wafarini ananyonya kama kawaida, asiachishwe hata siku moja. Vile vidonge vipya vingine vya kuzuia damu kuganda ndo amuulize daktari kwanza, amwambie ananyonyesha.