James Carr na O.V. Wright: Soul ya Memphis Tusiyoizoea

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Asanteni kwa kuja.

Niseme mapema ninachokisimamia jioni hii: wapo waimbaji wa soul, muziki wa Wamarekani Weusi, ambao majina yao hayajulikani, na tatizo halikuwa sauti zao. Mikataba iliwafunga, santuri zao hazikusambazwa vizuri, na wengine maradhi yaliwaangusha njiani. Tukishikilia kwamba aliyevuma ndiye aliyejua kuimba, tunajinyima muziki mzuri mno.

Sisi soul tuliipokea kwa majina makubwa: Otis Redding, Aretha Franklin, James Brown. Waliokuwa Dar es Salaam mwaka 1969 wanakumbuka hata soul ilivyopigwa marufuku mjini, na watu walivyobishana magazetini. Ila hata katika mabishano hayo, waliotajwa ni wale wale waliovuma.

Sasa twendeni Memphis, jimbo la Tennessee. Mwaka 1964 bwana mmoja muuza vifaa vya ujenzi, Quinton Claunch, alishirikiana na mfamasia aitwaye Rudolph Russell kuanzisha lebo ndogo, yaani kampuni ya santuri, iitwayo Goldwax. Claunch amesimulia kwamba usiku wa manane alibishiwa hodi na watu watatu waliobeba mashine ya kurekodia. Mmoja alikuwa Roosevelt Jamison, mfanyakazi wa benki ya damu aliyekuwa akiwasimamia waimbaji. Wenzake wawili walikuwa James Carr na O.V. Wright. Wakaketi sakafuni sebuleni kwake, wakamsikilizisha kanda. Hebu fikirini: sauti mbili kubwa kuliko karibu zote za mji ule, sebule moja, usiku mmoja!

Wright alianza na wimbo alioutunga Jamison, "That's How Strong My Love Is", mwaka huo huo wa 1964. Muda si muda Otis Redding naye akaurekodi, na yeye alikuwa na kampuni yenye nguvu nyuma yake. Leo ukiutaja wimbo huo, watu wanakutajia Otis. Juu ya hayo, Don Robey, mwenye kampuni ya santuri huko Houston, akajitokeza na mkataba ambao Wright aliusaini alipokuwa bado kwenye kikundi cha nyimbo za injili. Goldwax ikampoteza.

Ikabaki na James Carr. Huyu alizaliwa Mississippi mwaka 1942, mtoto wa mhubiri wa Kibaptisti. Wimbo wake "The Dark End of the Street" ulitungwa na Dan Penn na Chips Moman mwaka 1966, walipojitoa kwa muda kwenye mchezo wa karata hotelini Nashville. Chumba kilikuwa cha Claunch, na sharti lake lilikuwa moja: wimbo apewe Carr. Ni habari ya wapenzi wawili, kila mmoja na wake nyumbani, wanaokutana gizani mwisho wa mtaa.

Naomba tuusikilize kwa makini. Gitaa linaingia likitetemeka, na Carr anaanza chini kabisa, kana kwamba kuna mtu chumba cha pili asiyetakiwa kusikia. Hapambi. Mwimbaji mwingine angelilia tangu mstari wa kwanza, Carr anajizuia. Halafu anafika pale anaposema kwamba siku moja watagunduliwa, na hapo sauti inapanda, inakwaruza, lakini haipasuki. Hofu yote ya wimbo iko hapo. Aretha ameuimba, Percy Sledge ameuimba, na wengine wengi baada yao. Nimewasikiliza kwa heshima zote, na bado narudi kwa Carr.

Wimbo ulifika nafasi ya 10 kwenye chati ya muziki wa Wamarekani Weusi mwaka 1967. Kwenye chati kuu uliishia nafasi ya 77. Goldwax ilifungwa mwaka 1969. Carr alikuwa na maradhi ya akili yaliyomtesa maisha yake yote. Mwaka 1979 huko Tokyo alisimama jukwaani akashindwa kuimba. Alifariki Januari 2001. Nayasema haya ili tuelewe kwa nini santuri zake ni chache. Wapo wanaoyataja maradhi yale kana kwamba ndiyo yaliyompa sauti, nami sikubaliani nao kabisa. Kujizuia namna ile ni kazi ya fundi.

Wright je? Chini ya Robey alirekodi na mtayarishaji Willie Mitchell katika studio ya Royal, jumba lililokuwa sinema, na mpaka leo sakafu yake imeinamia upande wa jukwaa. Wapigaji walikuwa ndugu watatu wa familia ya Hodges, kwa gitaa, besi na ogani, pamoja na Howard Grimes kwenye ngoma. Ni chumba kile kile, mtayarishaji yule yule na wapigaji wale wale waliomfikisha Al Green kileleni. Kwa hiyo ufundi wa studio haukumpungukia Wright. Al Green alikuwa na sauti laini iliyopenya redio zote. Wright aliimba kama mtu aliye madhabahuni, hata alipokuwa akiimba habari za mwanamke. Alifariki mwaka 1980 akiwa na miaka 41, na kaburi lake lilikaa bila jiwe la jina mpaka mwaka 2008.

Wakati mwingine subira hulipa. Bettye LaVette wa Detroit alirekodi albamu nzima mwaka 1972 huko Muscle Shoals, jimbo la Alabama, kampuni ikaiweka kabatini. Ilitoka mwaka 2000, tena Ufaransa. Mama huyo alikuwa bado anaimba.

Sasa nawawekea "A Nickel and a Nail" ya Wright, ya mwaka 1971. Mtu amebaki na sarafu moja na msumari mfukoni, na anazichezesha zigongane ili watu wadhani ana fedha. Sikilizeni ngoma za Grimes zinavyokaa nyuma kidogo ya mwimbaji, kisha tufungue maswali.