Siku ya Tatu huko Paquitequete

Wazee wangu, shikamooni. Na ninyi wengine, habari za jioni.

Nimeombwa nisimulie safari yangu ya Pemba. Siyo Pemba ya Zanzibar, ni ile ya Msumbiji, makao makuu ya mkoa wa Cabo Delgado, ambayo Wareno waliita Porto Amélia. Kutoka hapa Mtwara, ndege akiruka kufuata pwani anafika baada ya kilometa kama 300 tu. Mimi pwani sikuweza kuifuata. Mwaka 2022 njia ya Palma, Mocímboa da Praia na Macomia ilikuwa njia ya kuhatarisha roho, kwa sababu ya vita vya waasi. Nikazunguka hadi Nampula, nikapanda basi la kurudi kaskazini, na mwisho wa Mei nikashuka Pemba.

Mwenyeji wangu ni mvuvi, Mmwani. Tulifahamiana miaka mingi nyuma alipokuwa akileta ng'onda sokoni kwetu. Kimwani na Kiswahili ni ndugu; mtu akisema polepole mnasikilizana. Nilikuwa nimemwambia kwenye simu kwamba nitafikia gesti. Alikasirika kabisa. "Dada, una kwako hapa, ukalale kwa kulipa?"

Basi nikafikia Paquitequete, mtaa wa zamani ulio chini kabisa, unaogusa maji. Nyumba ni ya miti na udongo, vyumba viwili na ukumbi, na jiko uani. Nilijua ana watoto wanne. Asubuhi nilipotoka kunawa uso, nilihesabu watu 19.

Binamu yake na familia walitoka Quissanga Machi 2020, mji ulipovamiwa siku mbili tu baada ya Mocímboa. Familia ya pili ilikuja kwa mashua kutoka kisiwa cha Matemo, Oktoba ya mwaka huohuo, wakati mashua zilipokuwa zikishusha watu pwani hapo mchana na usiku, wengine wamekaa baharini siku kadhaa na maji ya kunywa yamewaishia. Na palikuwa na mama mmoja mwenye watoto watatu ambaye si ndugu wa mtu yeyote pale nyumbani. Shemeji yangu, yaani mke wa rafiki yangu, alimkuta mchangani amekaa juu ya kifurushi chake. Akamwambia twende. Nilipomuuliza aliwazaje siku ile, alinitazama kama niliyeuliza kwa nini mtu hula.

Vita vyenyewe vilianza 5 Oktoba 2017, kwa shambulio la Mocímboa da Praia. Vijiji vikachomwa, watu wakachinjwa, wasichana na wavulana wakatekwa. Machi 2021 ikawa zamu ya Palma, jirani na mradi mkubwa wa gesi. Kufikia mwisho wa mwaka huo waliokimbia makwao walikuwa wamepita 700,000. Ninaloomba mlishike ni hili: wengi wao hawakulala kwenye mahema. Walilala majumbani mwa watu, kama pale nilipolala mimi.

Sisi tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nimekua nikiusikia msemo huu kama neno la kuwashtua wavivu. Paquitequete niliuelewa upya, kwa sababu jembe linataka shamba. Binamu wa Quissanga aliacha minazi na mihogo yake ikiwa ardhini. Wa Matemo aliacha nyavu na ngalawa. Mikono wanayo, tena haitulii: mmoja anabeba maji, mwingine anakaanga mandazi alfajiri, wanaume wanaomba nafasi katika mashua za wengine na kulipwa samaki wachache. Jioni inapikwa sufuria moja ya ugali wa muhogo na matapa, kisamvu chenye karanga na nazi, na shemeji anapakua kwa kupima kwa macho. Yeye mwenyewe hula mwisho. Siku mbili nilimwona akikwangua sufuria.

Halafu kuna orodha. Mwenyekiti wa mtaa anaandika majina ya waliokimbia, ili wapate kadi ya chakula. Jina la shemeji halimo, maana yeye hakukimbia. Mgao ukija, mchele unagawiwa kwa waliomo, na chungu ni kilekile. Na hata kuandikwa kuna mlango wake: yule mama wa mchangani aliunguliwa na kitambulisho pamoja na nyumba, akawa anaambiwa arudi kesho, na kesho tena. Hapa sina maneno ya kupamba. Msaada unaompita mwenye nyumba unamchosha yule aliyefungua mlango kabla ya msaada kufika.

Niseme na letu, maana niko kwetu. Vita vya ukombozi vya Msumbiji vilipoanza huko Chai, 25 Septemba 1964, Wamakonde walivuka Ruvuma na mikoa hii ya kusini ikawapokea. Rutamba, kule Lindi, palijengwa makazi kwa ajili yao. Wapo humu ukumbini waliocheza na watoto wale. Mwaka 2021 shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa lilisema maelfu waliovuka mto huohuo walirudishwa Msumbiji, upande wa Negomano. Najua hofu ilikuwapo; Kitaya, kijiji chetu cha mpakani, ilishambuliwa Oktoba 2020, na waliouawa ni watu wetu. Lakini nilipokuwa uani pale, kila nilipoulizwa natoka wapi, nilijibu "Mtwara" kwa sauti ndogo.

Juni ya mwaka huo wa safari yangu, 2022, mashambulizi yakashuka kusini, Ancuabe, wilaya iliyokuwa imehifadhi waliokimbia kaskazini. Watu waliokuwa wameanza kupanda upya wakafunga tena vifurushi. Jioni ya mwisho kabla sijaondoka, mtoto alikuja mbio kusema kuna watu mlangoni wanauliza kwa jina la mwenye nyumba. Walikuwa mume na mke, bibi mmoja, na watoto wawili waliofunikwa vumbi hadi kwenye kope.

Shemeji alikuwa jikoni. Aliyetoka kuwapokea ni yule mama wa mchangani. Akawaambia karibuni, akawapa maji, akaingia ukumbini akaukunja mkeka wangu, akaukung'uta uani, akautandika upya karibu na ukuta pasipovuma upepo. Kisha akanigeukia. "Dada, wewe leo utalala na mimi." Nikasogeza begi langu.