Choo cha Sentimita 140

Ndugu zangu, hamjambo. Naona nyuso za Mwanza, za Goma, na za ndugu zetu wa Arua. Mwezi ujao mnaanza mafunzo kwa vitendo ya usanifu majengo, na nimesikia kila mtu anaitaka kampuni kubwa. Mimi nilipelekwa ndogo: watu wanne, vyumba viwili juu ya duka la nondo, hapa hapa Kampala. Nilinuna wiki nzima. Kichwani nilikuwa na majengo kama hospitali ya upasuaji wa watoto aliyoisanifu Renzo Piano kule Entebbe, ile yenye kuta za udongo ulioshindiliwa. Nikapewa choo.

Choo cha wageni, nyumba ya ghorofa moja. Nikakichora urefu wa sentimita 140: bakuli linakula 70, mlango unaofungukia ndani unakula 70. Kwenye karatasi kila kitu kilienea, nikajisifu. Bosi alitazama, akanyamaza, akaniambia kesho nipande teksi niende saiti na futi kamba. (Teksi ya Kampala, wageni, ndiyo daladala yenu.)

Fundi mkuu alikuwa mzee wa West Nile, Kiswahili chake cha kijeshi kidogo. Alinipa matofali 10 ya kuchoma niyapime. Hakuna mawili yaliyolingana! Moja limepinda kama mkate, jingine limeungua likasinyaa. "Sasa mwanangu," akasema, "ukuta wa haya nitaunyoosha na nini? Na plasta." Upande mmoja sentimita tatu, wa pili tatu. Zile 140 zangu zikabaki 134. Akachukua kipande cha mbao chenye upana wa mlango, akakizungusha taratibu mpaka kikagota pale bakuli litakapokaa. "Mgeni ataingiaje? Kwa dirisha?"

Vibarua walicheka mpaka mmoja akaweka karai chini.

Katika kampuni kubwa mchoro ule ungepita mikononi mwa watu watano, mmoja angeurekebisha kimyakimya, nami nisingejua kamwe. Pale hapakuwa na wa kunifichia.

Mengine nitayapitia haraka: kupeleka michoro KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala, kuomba kibali, kungoja foleni, kurudi kwa sababu saini moja imekosekana. Mtayaona wenyewe.

Ila jua, hapo nitatulia kidogo. Ikweta inaikata barabara ya Masaka pale Kayabwe, si mbali na hapa. Adhuhuri jua liko utosini, paa lenye mapana linakukinga. Juni linaegemea kaskazini, Desemba kusini, bado paa linatosha. Balaa ni asubuhi na jioni, linapoingia chinichini kutoka mashariki na magharibi. Bosi hakunieleza haya. Saa kumi na moja jioni alinipeleka nyuma ya jengo letu, akasema, "Weka kiganja ukutani." Nikakiondoa upesi. Kisha akauliza dirisha la chumba cha mtoto nimelielekeza wapi. Nilikuwa nimelielekeza kilima cha Mengo, magharibi kabisa, eti kwa ajili ya mandhari.

Choo? Mzee aliugeuza mlango ukafungukia nje. Mwaka jana nilialikwa chakula nyumba ile. Mama mwenye nyumba akalalamika kwamba mlango huo unawagonga wapita ukumbini, akauliza ni msanifu gani huyo. Nikaomba niongezewe mchuzi.